Darasa la milioni 20: kwa nini fedha zilezile hazimalizi tena jengo la shule Dodoma

Kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Chamwino, mzee mmoja alisimama, akamsalimu mwenyekiti, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea shuleni. Kule kulikuwa na boma la madarasa mawili. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, na ndani kumeota mbigili na nyasi za misimu miwili ya mvua.

"Mwenyekiti, mwaka juzi tulisomewa hapahapa kwamba fedha zimeingia. Mwaka jana tukasomewa kwamba zimekwisha. Mimi nauliza, nani amekula darasa letu?"

Watu wakapiga makofi. Mtendaji wa kijiji akajibu kwa maneno matatu: "Bei zimepanda, mzee." Hakuna aliyeridhika, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kwenye benchi la wageni sikuridhika pia. Swali lilikuwa la haki na jibu huenda lilikuwa la kweli, ila katikati yake palibaki shimo ambalo hakuna aliyejaribu kulifukia. Makala hii inajaribu kulifukia, kwa sababu maswali ya namna hii yanaulizwa Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, na hata kwenye kata za pembezoni mwa Jiji la Dodoma lenyewe.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Makadirio ni hesabu ya fedha inayofanywa kabla ya ujenzi: mhandisi wa halmashauri anachukua ramani, anahesabu tofali ngapi, nondo ngapi, mifuko mingapi ya saruji, kisha kila kimoja anakizidisha kwa bei ya siku ile. Orodha hiyo ndefu ndiyo mafundi na watu wa ofisini wanaiita BOQ, nasi huku chini tunaiita mchanganuo. Boma ni jengo lililosimama kuta bila paa. Fosi akaunti ni utaratibu ambao shule au kijiji hujenga wenyewe bila mkandarasi: kamati zinanunua vifaa, fundi wa mtaani analipwa ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri anasimamia. Mapato ya ndani ni fedha zinazokusanywa na halmashauri yenyewe kwa ushuru, leseni na ada, tofauti na ruzuku inayoshuka kutoka serikali kuu.

Sasa ile milioni 20. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Mwaka uliofuata zikatoka shilingi bilioni 160 kwa madarasa 8,000 ya kidato cha kwanza. Ukigawanya unapata milioni 20 ileile. Tangu hapo namba hiyo imekaa vichwani mwetu kama bei ya soda. Mtu akisikia darasa limetengewa milioni 20 halijaisha, au limegharimu milioni 28, moja kwa moja anawaza wizi.

Lakini milioni 20 ni kiwango kilichowekwa siku fulani, kwa bei za siku hiyo, kikatumika sawasawa Temeke, Dar es Salaam, ambako saruji inatoka jirani, na kwenye kijiji cha ndani Chemba ambako lori linafika likiwa limechoka.

Fikiria kamati ya harusi. Mwezi wa kwanza mmekaa, mkakadiria wageni 200, mkauliza bei ya mchele, mafuta na mbuzi, mkapata jumla, mkaanza kuchangishana. Shughuli yenyewe ni mwezi wa nane mwaka unaofuata. Ikifika, mchele umepanda, mafuta yamepanda, na ukoo wa bwana harusi umeleta watu 310. Mhasibu wa kamati hajala hata senti, na bado chakula hakitoshi. Bajeti ya shule inapigwa pande hizohizo mbili, bei inapanda na watoto wanaongezeka.

Pengo la muda halisababishwi na uzembe wa mtu mmoja, limo ndani ya utaratibu wenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ili mradi uwemo, mahitaji yanaibuliwa kijijini, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yanakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, kisha mkoa, TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye Bunge kati ya Aprili na Juni. Bei zilizoandikwa kwenye mchanganuo mara nyingi ni za kabla ya mwaka mpya. Fedha zikiingia Oktoba, au Februari inayofuata, bei hizo tayari zina karibu mwaka mzima au zaidi. Nani anaweza kwenda dukani na orodha ya bei ya mwaka jana na muuzaji akaikubali?

Tukiuliza kwa nini bei hizo zinapanda, wengi tunatafuta mkosaji mmoja. Kwa miezi kadhaa mwaka 2023 mkosaji alikuwa kodi ya saruji. Ni kweli, kuanzia Julai mwaka huo ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo uliwekwa kwenye saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 juu yake, inakuwa 1,180. Tuseme darasa moja linakula mifuko 200: nyongeza ni shilingi 236,000. Kwenye milioni 20 hiyo ni zaidi kidogo ya shilingi moja katika kila mia. Inauma, ila peke yake haiwezi kuacha jengo bila paa.

Kinachoacha jengo bila paa ni nyongeza ndogondogo nyingi zinazokuja pamoja. Mwezi uleule wa Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Dodoma iko takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam, na saruji nyingi tunayoitumia inakuja kwa barabara kutoka pwani, Tanga au Mbeya, kwa hiyo kila bei mpya ya mafuta ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inaitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi inaingia ndani ya mfuko wa saruji hata kama kiwandani haijabadilika kitu. Bati tunazoziona zinakunjwa hapa nchini, lakini koili za chuma zinazotengenezea zinaagizwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, na watu wakauliza mbona bati hazishuki. Mwenye duka alikuwa bado anauza mzigo alioununua dola ikiwa juu, na hakuwa tayari kula hasara ili afurahishe mchanganuo wa shule.

Kuna jambo moja la Dodoma ambalo huwa halisemwi vya kutosha. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mkoa huu umekuwa eneo moja kubwa la ujenzi. Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na nyumba za watu binafsi kila unapogeuka. Vyote vinataka kokoto ileile, mchanga uleule na mafundi walewale. Shule ya kijiji ikienda kuulizia kokoto inakuwa kwenye foleni moja na mkandarasi anayechukua malori 50 kwa siku na kulipa papo hapo.

Hili nililiona kwa macho. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya mapokezi ya shule moja wilayani Bahi, nikiwakilisha wazazi. Kazi yetu ilikuwa kupokea vifaa, kuhesabu na kusaini. Siku ya kwanza lori la mchanga lilipofika, mimi nililiona limejaa, mchanga umepanda juu kama kichuguu, nikatoa kalamu. Fundi akanizuia. Akachukua kipande cha nondo, akapanda juu ya lori, akakichomeka pembeni mwa bodi mpaka kikagonga chini. Akaweka kidole gumba pale mchanga unapoishia, akakichomoa, akakipima kwa futi kamba. Kisha akachomeka katikati, na kwenye kona nne. Mchanga ulikuwa umerundikwa katikati, pembeni ni pungufu. Tulisaini kile tulichopima. Dereva alinuna lakini alikubali.

Hiyo ilikuwa Septemba. Novemba dereva huyohuyo alikuja na bei nyingine. Korongo la karibu, alituambia, mvua za kwanza zimeshalifunga, lori linazama. Sasa anafuata mchanga mbali zaidi, na kule anakuta foleni. Tukamwambia makadirio yetu hayana bei hiyo. Akatuuliza kwa upole kama makadirio yetu yana dizeli.

Kwa nini hatukununua mchanga wote Septemba? Kwa sababu fedha zilikuwa zimeingia sehemu tu. Na hapa pana jambo la kalenda ambalo linanisumbua mpaka leo. Shule zinafunguliwa Januari. Kila halmashauri inataka madarasa yawe tayari kabla ya hapo, kwa hiyo fedha zikichelewa kidogo, nchi nzima inajenga kati ya Oktoba na Desemba. Miezi hiyo fundi mzuri anachagua kazi na kokoto zinapanda. Kwa Dodoma mvua nazo zinaanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo njia za vijijini zinaharibika wakati uleule tunaohitaji lori kila siku. Kiangazi kirefu cha Juni hadi Oktoba, ambacho ndicho hasa cha kujengea, kinapita tukisubiri fedha. Nacho kina gharama yake, maana zege na tofali vinataka kumwagiliwa ili vikomae, na kwenye vijiji vingi vya Bahi na Chamwino maji ya kiangazi yananunuliwa kwa dumu.

Wapo wanaosema basi saruji inunuliwe mapema ikiwa nafuu na kuhifadhiwa. Saruji haivumilii hivyo. Ikikaa stoo miezi mitatu minne inaanza kushika unyevu na kuganda mabonge, na nguvu yake inapungua. Nondo na bati, ndiyo, vinaweza kununuliwa mapema vikafungiwa ndani.

Nisisahau udongo. Maeneo mengi ya mkoa huu yana ule udongo mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka mianya inayoingia mguu, masika unavimba. Jengo likisimama juu yake bila msingi wa kutosha, ukuta unapasuka kwenye kona za madirisha. Ramani ya darasa ni moja kwa nchi nzima na msingi wake umechorwa kwa ardhi ya kawaida. Mhandisi akifika site akakuta mbuga, lazima achimbe zaidi, atoe udongo, alete moramu, yaani udongo wa changarawe, aongeze nondo. Fedha hizo zinatoka wapi? Kwa kawaida zinatoka kwenye sakafu, dari au rangi, yaani mwisho wa kazi. Ndiyo maana unaona darasa lenye msingi imara na paa zuri, watoto wamekaa juu ya vumbi.

Hapo mtu mwingine anauliza: mbona tunaambiwa mfumuko wa bei uko chini? Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikitoa wastani wa mwaka wa asilimia 4.3 kwa 2022, 3.8 kwa 2023 na 3.1 kwa 2024. Namba hizo si za uongo. Zinapima kapu la matumizi ya kaya: unga, nauli, kodi ya nyumba, nguo, vocha. Kapu la shule limejaa nondo, bati, saruji na dizeli. Mahindi yakishuka bei sokoni Kibaigwa baada ya mavuno mazuri, kapu la kaya linapata nafuu, na nondo hazina habari. Halafu, mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole zaidi. Bei zenyewe hazijarudi nyuma.

Sasa fosi akaunti. Wengi tunaamini ni utaratibu wa bei rahisi kwa sababu umeondoa faida ya mkandarasi, na ni kweli umeokoa fedha nyingi. Lakini mkandarasi aliyesaini mkataba wa bei moja alikuwa anabeba pia hatari. Saruji ikipanda katikati ya kazi ndogo ya miezi michache, kwa kawaida hilo lilikuwa tatizo lake. Kwenye fosi akaunti hatari hiyo imehamia kwenye kamati ya shule, yaani kwa mwalimu mkuu, mama muuza maandazi na baba mfuga mbuzi, ambao hawana akiba ya kufidia hata mifuko kumi. Hili ndilo ninaloona limesahaulika zaidi. Tumewapa wanakijiji kazi ya mkandarasi bila kuwapa fungu la dharura ambalo mkandarasi angelijumlisha kimyakimya kwenye bei yake.

Vilevile lile lalamiko kwamba shule inanunua ghali kuliko mwananchi. Mara nyingi ni kweli. Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Muuzaji anayeuza kwa shule anatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, anakatwa kodi ya zuio, anapeleka mzigo mpaka site, na pengine anasubiri malipo kwa wiki kadhaa. Wewe unayelipa taslimu na kubeba mwenyewe kwa bajaji unapata bei nyingine. Tofauti ya kiasi ina maelezo. Bei ikiwa mara mbili ya dukani, hapo mtu aitwe aeleze.

Na hili linaturudisha kwa yule mzee na swali lake la nani amekula. Bei kupanda haiwezi kuwa blanketi la kufunikia kila kitu, na ipo njia rahisi ya kutenganisha. Kila kifaa kina vitu viwili, idadi na bei. Bei inaweza kupanda baada ya makadirio. Idadi ya nondo kwenye ramani haipandi. Kama mchanganuo ulisema nondo 60 na risiti zinaonyesha zimenunuliwa 60 kwa bei kubwa zaidi, fedha zimesinyaa. Kama mchanganuo ulisema 60, risiti zinaonyesha 95, na msingi ni uleule uliochorwa, basi swali la mzee limepata mahali pa kuanzia. Mwananchi hahitaji kuwa mhandisi kufanya ulinganisho huo. Anahitaji karatasi tatu: mchanganuo, risiti, na hati za kupokelea vifaa zenye saini za kamati. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu, una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Kusomewa jumla tu, "zilizoingia milioni 20, zilizotumika milioni 20", hakutoshi.

Halmashauri nayo iko kwenye kona ngumu kuliko tunavyodhani. Ruzuku ya mradi inakuja na masharti: fedha za madarasa hazijengi vyoo, ingawa mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na wavulana 25. Mapato ya ndani ndiyo yangeziba pengo, lakini asilimia 10 yake tayari ina mwenyewe, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki kinagombewa na zahanati, barabara za mitaa na posho za vikao. Kwa Jiji lenye viwanja na hoteli kuna pa kukwangua. Chemba au Bahi wanategemea sana ushuru wa mazao na mifugo. Mwaka ambao mvua zimekata mapema na alizeti imenyauka, fedha za kumalizia boma nazo zimenyaukia shambani.

Na wazazi wachangie? Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa ujenzi, na mwalimu hapaswi kukusanya. Jamii ikikubaliana kwenye mkutano wake kuchimba msingi au kusomba mawe, hilo linaruhusiwa, na maboma mengi ya mkoa huu yalianzia hapo. Nguvu hizo ni fedha halisi na zinastahili kuandikwa kwenye hesabu ya mradi. Boma lililoachwa miaka mitatu bila paa linapoteza hata kile ambacho akina mama walikibeba kichwani.

Mbele yetu kuna Januari 2028. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Waliowatangulia, waliobaki kwenye mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012 na 765,179 kwenye ya 2022, kwa hiyo hata bila makundi mawili kwa mkupuo lilihitaji madarasa mapya kila mwaka. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari, shule ya kata iliyozoea kupokea watoto 120 ikipelekewa 240 inahitaji vyumba sita badala ya vitatu, pamoja na vyoo, meza na walimu. Madarasa hayo yanatakiwa kuwemo kwenye bajeti zinazoandaliwa sasa, tena kwa bei za siku yatakapojengwa.

Yule mzee wa Chamwino nilimkuta tena kwenye mkutano uliofuata. Safari hii aliomba aonyeshwe makadirio, na mtendaji akafungua faili. Mzee hakuuliza jumla. Aliuliza yameandikwa lini. Tarehe ilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, na risiti za saruji zilikuwa za miezi 19 baadaye. Idadi ya mifuko ililingana. Mkutano ukaamua kumwomba mhandisi apime upya sehemu moja tu kwanza, upauaji, kenchi na bati, kwa sababu ukuta uliofunikwa unaweza kungoja sakafu mwaka mzima bila kubomoka, na mvua zilikuwa zimebakiza miezi minne.